Msafiri Huyu Ameshaingia

Sehemu ya Kumi na Nne

Mlionitukana wiki nzima kwa kumwacha Elinipa amekodoa macho mbele ya kompyuta pale Sekei, yatosha sasa, nimerudi. Na yeye bado yupo palepale kwenye kiti cha plastiki. Hajanyanyuka, hajalia, hajasema kitu.

Maneno nayo yalikuwa bado kwenye kioo, mekundu: MSAFIRI HUYU AMESHAINGIA NCHINI. HAJATOKA.

Wewe uliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea nikupe kwa kifupi, na usinirudishe nyuma tena. Elinipa ni mke wa Gerson Sumari, mwonjaji wa kahawa, Mmeru wa kule juu ya Tengeru. Mwezi wa kwanza Gerson alikwenda Ulaya kusomea kahawa. Nchi yenyewe siitaji, mhariri amenikataza. Juzi akaanguka darasani, damu ikavuja ndani ya kichwa, na sasa amelazwa hajitambui vizuri. Elinipa anataka kumfikia akiwa bado anapumua. Hana haja nyingine duniani.

Viza anayo. Aliiomba kimyakimya, kwa mwaliko wa Walutheri wa usharika rafiki kule, maana Gerson kila siku alikuwa na sababu ya kumzuia. Chumba kidogo. Baridi kali. Subiri kwanza, mke wangu. Elinipa akasema nitamshtukiza. Mjinga, eti? Ngoja kwanza tuone mjinga ni nani.

Lakini nchi ile imeleta utaratibu mpya. Viza peke yake haitoshi siku hizi. Kabla hujapanda ndege unajisajili mtandaoni, unapigwa picha ya uso, unajaza ulikozaliwa na utakakofikia, halafu unasubiri ruhusa ije kwenye simu. Ruhusa isipokuja, ndege utaisikia tu ikipita juu ya Meru.

Ruhusa haikuja. Yalikuja yale maneno mekundu.

"Dada Nancy," alisema Calvin, mwenye duka, jamaa anayejazia watu fomu za mtandaoni mtaa mzima. "Ulishawahi kwenda huko?"

"Sijawahi kuvuka hata Namanga."

"Mfumo unasema umo ndani."

"Niko hapa. Si unaniona?"

"Mimi nakuona. Mfumo haukuoni."

Umesoma vizuri, amemwita Nancy. Usikimbilie kumwandikia mhariri kwamba mwandishi wake amelewa. Tutafika.

Calvin alifuta akaanza upya. Akamsimamisha ukutani, akampiga picha nyingine, mdomo umefungwa, hereni zimevuliwa. "Usicheke dada," akasema kwa mazoea, halafu akaona aibu mwenyewe. Elinipa hakuwa na dalili ya kucheka wala ya kulia. Tangu habari ya Gerson imfikie alikuwa hivyo. Anakula akiambiwa ale. Anakaa akiambiwa akae.

Majibu yakarudi, marefu kidogo kuliko ya kwanza. Calvin akayasoma huku midomo inacheza.

"Aisee!"

"Nini?"

"Dada, huyu mtu si wa kubahatisha. Nancy Naftali Kaaya. Tarehe ya kuzaliwa ni yako. Mahali pa kuzaliwa ni pako. Ameingia mwezi wa pili, na mpaka leo yumo."

"Mbona viza walinipa?"

"Walikupa kabla mambo hayajaunganishwa. Sasa viza na mpaka vinasomana." Calvin akajivuta karibu na kompyuta, vidole vimeshaanza kuchapa. "Tapeli huyo. Tunawaandikia sasa hivi kwamba kuna mtu anatumia jina lako, wanamkamata leoleo."

"Usiandike."

"Dada, mumeo yuko mahututi! Mwizi amekaa kwenye nafasi yako, kachukua jina lako..."

"Siyo jina langu, Calvin."

Calvin akaacha kuchapa.

Hapa nataka tuheshimiane. Elinipa, binti wa mzee Mbise, alifanya mtihani wa darasa la saba akafeli. Baba yake akashuka kwa mwalimu mkuu na mkungu wa ndizi na sura ya msiba. Mwalimu mkuu akajikuna, akasema, darasa la sita yuko binti ameacha shule, amepelekwa mjini kulea mtoto wa shangazi yake. Jina lake bado linaitwa kila asubuhi na hakuna wa kuitika. Elinipa na aitike yeye. Basi Elinipa akaitika. Mwaka uliofuata Nancy Naftali Kaaya akafaulu vizuri, akaenda sekondari, akaenda chuo, akaajiriwa kukagua maharage machanga yanayopelekwa nje.

Msinitolee macho. Wangapi kati yenu mna jina la nyumbani na jina la cheti? Wangapi mkiitwa benki mnachelewa kuitika, mpaka mkumbuke kwamba ndiyo ninyi? Nyamazeni basi, tuendelee.

Kitambulisho cha taifa, Nancy. Pasi ya kusafiria, Nancy. Cheti cha ndoa ya kanisani, Nancy. Vyeti vya watoto wake wawili vinasema mama yao ni Nancy. Lakini ukipanda mlimani ukaulizia Nancy, watakwambia humu hatumjui. Kule yeye ni Elinipa, au Mama Esther.

"Kwa hiyo huyo aliyeko kule..." Calvin alisema taratibu.

"Ndiye mwenyewe."

"Mwenye jina?"

"Mwenye jina. Sijamwona tangu tukiwa wadogo."

Mtu mwingine angeanza kuhubiri. Calvin ni mtu wa kazi, akarudi kwenye kioo chake akasoma mpaka chini kabisa. Kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Njia ipo! Wanasema kama ni watu wawili tofauti, aliyeko ndani athibitishe. Anabofya tu kwamba huyu siye mimi, basi, ruhusa inatoka. Utapata namba yake?"

"Mama yake anauza viatu soko la Kwa Mrombo."

"Sasa umekaa nini? Nenda!"

Elinipa akasimama. Akakirudisha kiti ukutani, akasema asante, akatoka. Alikuwa amesahau mkoba, Calvin akamkimbilia nao mpaka barabarani.

Safari ya kutoka Sekei mpaka Kwa Mrombo naiacha. Haina kitu, na yeye mwenyewe hakuona lolote njiani.

Ndeshi, mama yake Nancy, alikuwa amekaa kwenye gunia, mbele yake chungu ya viatu vya mitumba vilivyomwagwa juu ya turubai, asubuhi hiyo ameshafungua mzigo mpya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unavaa namba ngapi?"

"Sijaja kununua, mama. Mimi ni Elinipa, wa mzee Mbise, kule..."

"Nakujua." Mama akamwangalia kuanzia miguuni mpaka usoni. "Ulidhani nimekusahau? Wewe ni mwanangu wa kwenye vyeti. Kaa."

Elinipa akakaa chini, pembeni ya viatu.

"Mama, Nancy yuko wapi?"

"Kwani hujasikia? Mji mzima unajua. Nancy yuko Ulaya!" Na hapo mama akanyoosha mgongo, maana si kila muuza viatu Kwa Mrombo ana mtoto Ulaya. "Mungu hamtupi mja wake. Yule shangazi alimchosha, unajua. Nancy akanirudia akitaka dawati lake. Nikampeleka shuleni mwenyewe, kwa mkono wangu. Mwalimu akasema Nancy yuko sekondari, huyu uliyemleta ni nani?"

"Sikujua, mama."

"Hukuuliza."

Alisema hivyo bila hasira, kwa sauti ileile ya kutaja bei. Mkono wa Elinipa ukaenda kwenye viatu, ukaokota kimoja cha kahawia cha kike, ukaanza kutafuta mwenzake.

"Ila sasa amepata mume," mama aliendelea. "Mtu mpole, hana makuu. Alikuja hapahapa sokoni mwaka juzi, anatafuta cheti cha kuzaliwa cha Nancy. Nikamwambia cheti anacho mwenyewe, yuko pale kwenye mbogamboga, kamuulize. Akaenda wakaulizana." Mama akacheka kidogo. "Wakaulizana mpaka leo."

Mkono wa Elinipa ukasimama.

Mwaka juzi nani alihitaji cheti cha kuzaliwa cha Nancy? Alikihitaji yeye, apate pasi. Na nani alitumwa Kwa Mrombo kukifuata? "Nenda wewe, baba Esther," alimwambia hivyo jikoni, anamenya ndizi. "Mimi namwonea aibu yule mama." Gerson akaenda. Akachelewa sana kurudi siku hiyo, na aliporudi alikuwa na nakala ya cheti mkononi na sifa tele mdomoni. Watu wazuri sana wale, mke wangu. Watu wazuri mno.

"Anaitwa nani, mama?"

"Mkwe wangu? Nitamtajaje mkwe? Kwetu mkwe hatajwi jina, unajua." Mama akazungusha mkono hewani akitafuta namna. "Ni mtu wa kahawa. Anaiweka mdomoni, anaivuta kwa kelele, anaitema. Mshahara wake ni kutema."

Kuna mteja alikuwa amechutama na kiatu kimoja mkononi. "Mama, cha pili kiko wapi hapa?"

Elinipa akakiona, akakivuta, akampa. Mteja akashukuru.

"Walifunga ndoa lini?" Elinipa akauliza.

"Hilo usiniulize, hawakuniita, na niliumia. Lakini cheti nimekiona kwa macho yangu haya kabla Nancy hajaondoka. Cha kanisa, kina mhuri. Jina la mwanangu limeandikwa lote, Nancy Naftali Kaaya. Hicho ndicho alichoingilia kule. Cheti cha kanisa hakisemi uongo, mwanangu."

Elinipa alikijua cheti hicho. Alikitia saini yeye, amevaa shela, mchungaji akimwonyesha mahali pa kuandika. Na mwezi wa kwanza alikitoa kwenye sanduku akamkabidhi Gerson mwenyewe, maana Gerson alisema kitatakiwa kule kwa mambo ya bima.

Jamani! Hapo mimi ningepindua lile turubai, viatu vyote viende barabarani. Ningepiga yowe soko zima lisimame. Nawaona na ninyi, mama zangu, mmeshakunja kanga kiunoni. Na Elinipa alifanya nini? Alikipata kiatu cha pili cha kahawia, akavifunga kamba pamoja, akaviweka pembeni. Kisha akachukua kingine. Namwandika mwenyewe na bado sijamwelewa.

Alijua inapaswa kumuuma. Alikaa akaisubiri imuume, kabisa, amejiandaa, lakini haikuja.

Simu yake ikalia. Alikuwa Eliamini, mdogo wake Gerson.

"Shemeji! Mbona hukutuaga?"

"Kuwaaga naenda wapi?"

"Si umeshafika kwa kaka? Hospitali wamenipigia sasa hivi, kuna mama mmoja anabahatisha Kiswahili. Anasema mke wa Gerson yuko naye wodini tangu juzi. Mama yetu amepiga magoti kumshukuru Mungu, mpaka sasa hajainuka."

Elinipa akaokota kiatu kingine.

"Lakini shemeji, unagoma nini kusaini? Wanataka kumpasua leo, watoe ile damu, na lazima mke asaini. Wanasema umekataa. Wanasema ikifika jioni hawatagusa tena, itakuwa haina faida. Una nini wewe? Unataka kaka afe?"

"Hapana."

"Saini basi! Tunakuomba sote hapa. Mchungaji yupo hapa, anakuomba."

"Nimesikia, shemeji."

"Utasaini?"

"Nimesikia."

Akakata simu. Basi sasa mambo yamejipanga mbele yake yote, hata kipofu angeyaona. Mke yuko wodini. Mke hataki kusaini. Na jioni haiko mbali.

"Mama," akasema, "nipigie Nancy."

"Kuna nini?"

"Mkwe wako anaumwa sana."

"Ee Bwana! Nani amekwambia?"

"Ni mume wangu."

Mama Nancy akamtazama. "Nani mume wako?"

"Huyo anayetema kahawa."

Nimeandika hadithi nyingi katika ukurasa huu na nimeshuhudia watu wengi wakipata habari mbaya. Mama Nancy hakupiga kelele. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Mteja mwingine akauliza bei ya viatu vya shule, hakuna aliyemjibu, akaondoka zake.

"Yesu wangu," mama akasema mwishoni. "Mimi nilimpikia yule mtu. Nilimpikia."

"Nipigie Nancy, mama. Muda unakwisha."

Akapiga, kwa simu ya picha. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Safari hii uso wa Nancy ukatokea, koti zito limefungwa mpaka kidevuni, nyuma yake ukuta mweupe na mashine inayolia taratibu. Mama akageuza simu bila kusema neno, akampa Elinipa.

Wakaangaliana. Wanawake wawili, jina moja, mume mmoja. Tangu dawati lile hawakuwahi kuonana.

Nancy alishajiandaa kutukanwa, ilionekana. Alikuwa ameinua kidevu.

"Gerson anaendeleaje?" Elinipa akauliza.

Kidevu kikashuka. "Akili inakuja, inaondoka. Mara yupo, mara hayupo."

"Kwa nini husaini?"

"Kwa sababu yako!" Nancy alifoka, kisha akakumbuka alipo, akashusha sauti. "Leo asubuhi hawa watu wa mipaka wamenitumia ujumbe. Kuna Nancy Naftali Kaaya mwingine anaomba kuingia, wananiuliza, huyu ni wewe? Nikisema ni mimi, nimedanganya. Nikisema tuko wawili, watauliza mke ni yupi. Hapa nikisaini wanachukua kitambulisho na alama za vidole. Halafu wewe utue uwanja wa ndege na pasi yako na uso wako. Mimi naenda jela, Elinipa."

"Na usiposaini?"

Nancy akaangalia pembeni, huko kitandani tusikokuona.

"Unajua vizuri nisiposaini," akasema.

"Basi unataka nini?"

"Futa ombi lako. Nitaliona hapa kwenye simu yangu nyingine likifutwa. Likifutwa tu, nasaini. Na usije tena. Usiandike popote, usimwambie mtu. Huku Nancy ni mmoja."

"Nikifuta, nitamwona lini?"

"Atapona. Akipona mtajuana wenyewe."

"Na asipopona?"

Nancy akageukia ile mashine inayolia.

Pale Kwa Mrombo jua lilikuwa linawaka, watu wanapita na vikapu, mtu anatangaza sabuni kwenye spika. Mama Nancy alikuwa analia sasa, kimya, anajifuta kwa pindo la kitenge. Elinipa alimtazama akamwonea wivu. Ndiyo, wivu. Alitamani na yeye machozi yamtoke.

"Sikukuibia," Nancy akasema ghafla. "Sikumfuata mimi. Alikuja akisema anamtafuta Nancy. Nikamwambia ni mimi. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunitafuta kwa jina langu. Wewe ulikuwa umelichukua."

"Najua."

"Unajua? Basi hilo tu?"

"Najua, Nancy. Subiri hapo."

Akatoa simu yake mwenyewe, akampigia Calvin.

"Umepata?" Calvin alipokea hapohapo. "Anathibitisha?"

"Futa ombi langu."

"Nini?"

"Lifute."

"Dada, sikiliza. Ukilifuta mwenyewe, wanaliandika kwamba umejiondoa. Hawatakupokea tena upesi. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa zaidi. Mumeo..."

"Calvin, futa. Anakufa."

Halafu zikasikika kelele za vidole vya Calvin, moja moja, za mtu anayefanya asichokipenda. "Wananiuliza kama una uhakika."

"Waambie ninao."

"Limekwenda," Calvin akasema. "Pole, dada. Pole sana."

Elinipa akaiweka simu yake kwenye mkoba akaufunga. Kwenye ile simu nyingine, Nancy alikuwa ameinamisha kichwa, mwanga wa ile simu yake nyingine unampiga usoni. Akasoma. Mabega yakateremka.

"Limefutwa," akasema.

"Saini sasa."

"Nasaini. Muuguzi amekwenda kuleta karatasi." Akasita. Alionekana mdogo ghafla, yule binti wa darasa la sita. "Elinipa, kuna jambo moja."

"Lipi tena?"

"Anaita jina. Usiku kucha, na leo pia. Mimi namshika mkono namwambia Gerson, ni mimi Nancy, anautoa mkono. Anaita Elinipa. Elinipa, Elinipa, hachoki. Wauguzi wanalisikia, wameshaliandika. Wananiuliza huyo Elinipa ni nani, na kwa nini mgonjwa anamtaka yeye wakati mkewe yuko hapa. Nikibabaika watashtuka. Hawatanipa karatasi. Nimekosa la kuwaambia."

Wasomaji wangu, nilipofika hapa nilisimamisha kalamu nikaenda kunywa maji. Nendeni na ninyi mkanywe.

Elinipa alifikiri. Alifikiri kwa utulivu kabisa, anavyofikiri kazini akiamua boksi lipi la maharage lipite na lipi lirudi. Dada? Watauliza mbona dada hapigi simu. Binamu? Watataka namba yake. Rafiki? Hapana, rafiki ni hatari zaidi. Alitafuta mtu ambaye hakuna ofisi yoyote itakayomuulizia, na akampata.

"Waambie alikufa," akasema.

"Nini?"

"Waambie Elinipa alikufa. Alikuwa ndugu yake, alikufa zamani. Wagonjwa huwa wanaita marehemu, hawatashangaa." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Sema hivyo. Elinipa amekufa. Halafu saini."

Mama Nancy akaguna kwa uchungu, akageuza uso.

Na kule ng'ambo, nyuma ya bega la Nancy, karibu na ile mashine inayolia, kitu kikajisogeza kwenye mashuka. Simu ya Nancy ilikuwa imewashwa spika muda wote. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amelifikiria hilo.

"Nani amekufa?"

Ilikuwa sauti kavu, nzito, ya mtu anayetokea mbali. Elinipa angeitambua popote.

"Nani amekufa?" Gerson akauliza tena, na safari hii ndani yake mlikuwa na hofu. "Elinipa?"

Hapo ndipo ilipomuuma. Ilimpata yote kwa pamoja, mpaka viatu vikamdondoka mapajani. Akaishika simu kwa mikono miwili akaivuta mdomoni, akafungua mdomo amwambie baba Esther, ni mimi, niko hai, niko hapa Kwa Mrombo, usiwasikilize.

Nancy alikuwa ameshakata.

Na alikuwa bado hajasaini.